Mahaba ya Mume na Mke Yasiyofisidi Bara wala Bahari

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, akatia mapenzi baina ya mume na mke, akawafanya wanaadamu kuwa makhalifa katika ardhi ili waitengeze wala wasiiharibu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Katika Sura ya Ar-Rum ziko aya mbili ambazo wengi huzisoma mbalimbali, na laiti wangezisoma pamoja. Ya kwanza ni aya ya 21, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ametaja kuwa ni katika ishara zake kuwaumbia watu wake zao kutokana na nafsi zao ili wapate utulivu kwao, na kwamba ametia baina yao mapenzi na huruma. Aya hii aghalabu husomwa katika khutuba ya nikaha, na kila bwana arusi amepata kuisikia. Ya pili ni aya ya 41, iliyotaja ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Hii harusini haisikiwi. Na baina ya aya hizo mbili hapana umbali ila wa ukurasa mmoja au mbili za msahafu. Mola aliyeiweka ishara ya mapenzi ndiye aliyeonya juu ya ufisadi, na kauli yake ni moja. Haielekei basi mtu aishike aya ya kwanza kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto aivunje ya pili; yaani adhihirishe mapenzi yake kwa njia inayoichafua bahari, inayomaliza maji, na inayoitupa riziki jaani.

MAMBO YALIVYO LEO

Na hayo ndiyo yaliyoenea katika zama hizi. Mtu akitaka watu wajue kuwa ampenda mkewe, hutafuta kitu cha kununua. Na kadiri kitu kilivyo kikubwa na ghali, ndivyo anavyodhani kuwa mapenzi yake yamekuwa makubwa. Siku ya arusi ukumbi hupambwa kwa maua ya plastiki na maputo. Sahani huwa za kutumiwa mara moja na kutupwa. Maji ya kunywa huwa katika chupa ndogo ndogo, na nyingi katika hizo hunywewa nusu, nusu ikaachwa. Biriani ya watu elfu hupikiwa watu mia tano, ili isisemwe kuwa nyumba fulani chakula kilipungua. Asubuhi yake, mwenye kupita nyuma ya ukumbi huona kilichobaki: wali uliochanganyika na mchanga, kunguru wanaogombana juu yake, na plastiki inayochukuliwa na upepo kuelekea ufuoni. Huo ndio ushahidi wa kwanza juu ya mapenzi yale, na si ushahidi mwema. Ushahidi wa pili huja mwisho wa mwezi, mwenye deni anapobisha hodi, na maarusi wenyewe bado hawajazoeana.

Kisha kuna ada iliyotoka ughaibuni, ya kuadhimisha mapenzi kila tarehe 14 Februari. Kwamba siku hiyo si katika siku za Waislamu ni jambo lililo wazi, wala halihitaji maneno mengi. Lakini limo ndani yake jambo jengine lisilosemwa sana, nalo ni khabari ya lile waridi jekundu. Kenya ni moja katika nchi zinazouza nje maua mengi ya kukatwa, na sehemu kubwa ya maua hayo hulimwa kando ya Ziwa Naivasha, kwa maji ya huko na kwa dawa za kuulia wadudu. Waridi likikatwa huingizwa katika chumba cha baridi, likapelekwa Nairobi, likapandishwa ndege kwenda Ulaya, likauzwa huko, na baada ya siku chache likatupwa. Na yale yanayoteremshwa pwani nayo huja yamevikwa plastiki. Ilhali mume anayeyanunua Mombasa au Unguja, uani kwake pana mti wa asmini. Asmini ile hufumbua jioni, ikanukia usiku kucha, na asubuhi ikaanguka chini bila ya kuchumwa na mtu.

Wanavyuoni wametofautisha baina ya israfu na tabdhiri. Israfu ni kupita mpaka katika jambo lililo halali, kama mtu kula akazidisha. Na tabdhiri ni kuiweka mali pasipo mahali pake. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, watu wameruhusiwa kula na kunywa, kisha wakakatazwa israfu, na ikabainishwa kuwa Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kuifanya. Na katika Sura ya Al-Israi, aya ya 27, wenye kufanya tabdhiri wameitwa ndugu wa mashetani. Basi na atazame mwenye akili: mtu anataka kuonyesha mapenzi, akaingia katika jambo ambalo Mola wake halipendi, na akajipatia udugu ambao hakuna mtu angeukubali lau angeulizwa.

NYUMBA YA MTUME S.A.W.

Lau mapenzi yangekuwa kwa wingi wa vitu, nyumba ya Mtume S.A.W. isingekuwa na mapenzi, kwani vitu havikuwamo. Vyumba vya wakeze vilikuwa vidogo. Tandiko lake lilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Mwezi huandama, na mwengine ukaandama, pasiwashwe moto wa kupikia katika nyumba zake, na chakula kikawa tende na maji. Na pamoja na hayo, hapana nyumba ambayo khabari za mahaba yake zimehifadhiwa na kupokewa na umma mzima kama nyumba ile.

Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Bibi Aisha R.A.A. kuwa alikuwa akinywa katika chombo, kisha akampa Mtume S.A.W., naye akaweka mdomo wake mahali palepale alipoweka yeye mdomo wake. Na akila nyama ya mfupani, humpa, naye akala mahali palepale. Kikombe kimoja kwa watu wawili. Hapana kilichonunuliwa wala kilichotupwa, na mwanamke yule aliyakumbuka mpaka uzeeni, akayasimulia.

Na amepokea Abu Daud khabari ya kushindana kwao mbio. Walikuwa safarini, wakakimbia, Bibi Aisha akamshinda. Ikapita muda, naye amenenepa, wakakimbia tena, Mtume S.A.W. akamshinda, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Yaani hakuisahau mbio ya kwanza. Alikuwa amemwekea mkewe kumbukumbu ya mchezo wao. Ni mume gani leo anayekumbuka mchezo aliocheza na mkewe miaka iliyopita?

Na amepokea Imamu Bukhari kuwa Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za ahali zake, na ikifika sala hutoka akenda kusali. Na katika mapokezi mengine imetajwa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Alitengeneza kilichochakaa wala hakukitupa. Na safari ya kurudi kutoka Khaybar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, alipotaka kumpandisha Bibi Safiya R.A.A. juu ya ngamia, alikaa chini akaweka goti lake, Bibi Safiya akaweka mguu wake juu ya goti lile akapanda. Hilo lilitendwa mbele ya jeshi. Leo mwanamume mwenye gari huona haya kumfungulia mkewe mlango, akaona fakhari kumkodia ukumbi.

Na liko jengine, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maneno haya. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Bibi Aisha na Mtume S.A.W. walikuwa wakikoga janaba kutoka chombo kimoja, mikono yao ikipishana ndani yake. Na katika mapokezi ya Muslim, Mtume humtangulia katika kuteka mpaka Bibi Aisha akamwambia ambakishie. Na yeye Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kadiri ya viganja viwili vya mtu wa kiasi, na akikoga kwa pishi ya mudi nne mpaka mudi tano. Basi katika khabari moja yamekutana mambo mawili ambayo watu wa leo wameyatenga: mahaba na kuhifadhi maji. Mchezo ule wa mikono usingekuwapo lau kila mmoja angekuwa na maji yake yasiyo na mwisho. Utamu wake umetoka katika uchache wake. Na leo mtu hufungua mfereji, akauacha ukimwagika huku akitafuta sabuni, naye yu peke yake. Na watu wa visiwani wajua kuwa kisima kikivutwa maji kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na maji matamu yakageuka chumvi. Hayo ni katika kuonja baadhi ya waliyoyatenda watu.

KATIKA KHABARI YA WALIMA

Walima ni sunna, na kuudhihirisha uso wa furaha ni sunna, na hapana anayetaka arusi ziwe kama matanga. Lakini sunna ina kipimo. Abdurrahman bin Auf R.A.A. alipooa, Mtume S.A.W. alimwamrisha afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi au kondoo mmoja; na Abdurrahman alikuwa mfanyi biashara mwenye kufanikiwa. Na walima wa Mtume mwenyewe kwa Bibi Safiya haukuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, na aliye na tende akaleta tende, aliye na samli akaleta samli, aliye na jibini kavu akaleta, yakachanganywa yote, watu wakala. Hiyo ndiyo karamu ya mbora wa viumbe: kila mmoja ameleta alichonacho, na chombo ni cha kukunjwa na kutumika kesho.

Na Bibi Fatima R.A.A. alipopelekwa kwa Sayidna Ali, mahari yake ilitokana na deraya, na vyombo alivyoandaliwa vilivyotajwa katika mapokezi ya Nasai ni nguo ya mahameli, kiriba cha maji, na mto uliojazwa majani yanukiayo. Kila kimoja katika hivyo ni cha kutumika mpaka kichakae, na kikichakaa hurudi ardhini kisiidhuru.

Wazee wa pwani walikuwa karibu na mwendo huu kuliko wajukuu wao. Waliketi watu wanne au watano katika sinia moja, juu ya mkeka wa ukindu. Sinia ile huoshwa, ikatumika katika arusi ya nyumba ya pili na ya tatu, na mkeka hukunjwa ukarudishwa kwa jirani aliyeuazima. Mwenye kula katika sinia humwonea haya mwenziwe kubakisha tonge, kwa hivyo kilichobaki huwa kidogo. Maji yalikuwa katika mtungi, yakafukizwa ubani, yakatekwa kwa kata ya kifuu. Halwa ilichukuliwa katika vikapu vya ukili. Hapana mtu aliyesema kuwa arusi zile hazikuwa na furaha. Bali kila mwenye umri huzitaja kwa kuzitamani. Kuyarejesha mambo haya si kurudi nyuma katika ujinga. Ni kuiokota sunna iliyoangushwa njiani.

KATIKA KHABARI YA ZAWADI

Mtume S.A.W. amewahimiza watu kupeana zawadi, akabainisha kuwa kwa kupeana huzidi kupendana. Basi zawadi ni dawa ya moyo, lakini dawa haipimwi kwa uzito. Alipotaka kumwoza sahaba aliyekuwa hana kitu, alimwambia atafute ijapokuwa pete ya chuma; na alipoikosa, alimwoza kwa Qurani aliyoihifadhi. Na akamwambia Saad bin Abi Waqqas kuwa hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe ana thawabu kwayo. Tonge haina ganda la kutupwa.

Ama maua, yamekuja ndani yake maneno khasa. Amepokea Imamu Muslim kuwa mwenye kupewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuichukua na harufu yake ni njema. Na jina la mrehani unaoota nyuma ya nyumba za pwani limetokana na neno hilo hilo la Kiarabu. Basi zawadi ya maua imesifiwa kwa wepesi wake, si kwa umbali wa safari yake. Mume akitoka msikitini baada ya laasiri akachuma asmini zilizofumba, akazitia katika jani la mgomba akampelekea mkewe, na mkewe akazitunga kikuba pamoja na mrehani, amempa kitu ambacho duka halina: amempa ushahidi kuwa alimkumbuka saa ile. Na asubuhi kikuba kikinyauka hutupwa chini ya mti uleule, kikawa mbolea yake. Na aliye na kilua, au mlangilangi, au mkadi, hali kadhalika. Na asiye na uwa hata moja, chungu kimoja cha mchanga na tawi la mrehani humtosha, nao huota upesi.

Ama nguo, kanga ya pamba ni mfano mwema. Huvaliwa ikiwa mpya, ikizoeleka huwa ya jikoni, kisha huwa mbeleko ya mtoto, kisha tambara, na mwisho huoza ardhini. Doti moja iliyochaguliwa kwa kufikiri, na maneno yake yakasomwa kwanza na mnunuzi, ni bora kuliko kasha kubwa lililofungwa karatasi tatu za kung'ara ambazo zitararuliwa kwa dakika moja.

Ama dhahabu, ni halali kwa wanawake, wala hapana wa kuwaharamishia. Lakini inafaa mume ajue inatoka wapi. Wachimbaji wadogo wengi, wakiwamo wa nchi za kandokando ya Ziwa Victoria kama Geita, huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha huichoma zebaki ikapanda moshi. Moshi ule huharibu mishipa ya fahamu ya mwenye kuuvuta, na zebaki inayomwagika huingia mitoni na katika samaki. Ndiyo maana mataifa mengi yalifanya mkataba wa kuizuia, uitwao wa Minamata, katika mwaka 2013. Na dhahabu haichakai. Bangili ya bibi iliyovunjika, iliyolala kashani miaka 20, sonara huiyeyusha akaifanya mpya, na mke akavaa kitu kizuri chenye nasaba, pasichimbwe shimo jipya kwa ajili yake.

Na katika zawadi iliyo bora ni nafsi ya mume mwenyewe. Ibn Abbas R.A.A. alikuwa akisema kuwa hupenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe ajipambe kwa ajili yake. Mswaki, maji machache, kanzu safi na harufu njema. Na kurudi nyumbani mapema kutoka barazani. Haya hayana bei, na kwa sababu hayana bei watu wameyadharau.

KATIKA KHABARI YA KUPANDA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mwislamu akipanda mti, akala katika mti ule ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Na imepokewa kuwa lau Kiyama kingesimama, na mkononi mwa mtu mna mche, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Ikiwa mche hupandwa hata saa ile, basi unastahiki zaidi kupandwa siku ya arusi, ambayo ni mwanzo wa nyumba.

Mume na mke wakipanda mnazi mmoja siku waliyooana, mnazi wa mbegu ya zamani huanza kuzaa baada ya miaka ipatayo 6 au 7, na huishi miaka 60 au zaidi. Utakuwa umeota pamoja na watoto wao. Watakunywa madafu yake, watasuka makuti yake, watapika kwa tui lake. Na mmoja wao akitangulia, aliyebaki atakaa kivulini mwake akamkumbuka mwenziwe, na sadaka haitakatika. Hapana waridi liwezalo kufanya hayo. Na aliye mjini asiye na shamba, mpapai hutosha uani, au mche wa mkoko katika ufuo wa kijiji chake, kwani mikoko ndiyo maficho ya samaki wachanga na ngao ya pwani mbele ya mawimbi.

MASUALI NA MAJAWABU

Huenda akasema msemaji: haya ni maneno ya kuwafundisha watu ubakhili. Jawabu yake ni kuwa ubakhili ni kumnyima mke haki yake, na katika maneno haya hapana haki ya mke iliyopunguzwa. Kilichopunguzwa ni haki ya jaa. Mwenye kuokoa fedha za sahani za kutupwa na maputo, akamnunulia mkewe cherahani, au akamlipia deni, huyo ndiye karimu. Na mwenye kuokoa kisha akazifungia, huyo ndiye bakhili, na maneno haya si hoja kwake.

Na huenda akasema mwengine: wanawake wenyewe ndio wanaotaka mambo makubwa. Jawabu yake imo katika mfano huu. Bwana mmoja alikuwa kila mwaka humletea mkewe kasha kubwa la zawadi, na mwaka mzima hukaa barazani mpaka usiku wa manane. Mwaka mmoja akamletea kasha kubwa kuliko yote, akangoja shukurani. Mkewe akamwambia: “Bwana, zawadi nimeipokea na Mungu akulipe kheri. Lakini tangu Ramadhani hujapata kuniuliza usiku nimelalaje, na homa nimeuguzwa na mama yako.” Yule bwana akanyamaza, na kasha likakaa pembeni halikufunguliwa. Basi mke aliyenyimwa neno jema huomba vitu, kwa kuwa vitu ndivyo alivyozoeshwa kuvihesabu. Akipewa neno, vitu hupungua thamani machoni pake. Na Mtume S.A.W. amebainisha kuwa mbora wa watu ni aliye mbora kwa ahali zake. Hakusema mwenye kuwanunulia zaidi.

Na huenda akasema wa tatu: bahari ni kubwa, plastiki ya mtu mmoja itaifanya nini? Jawabu yake ni kuwa aya imetaja mikono ya watu, na mikono haina ila mmoja mmoja. Mfuko wa plastiki ukielea majini hufanana na konyeza, naye kasa hula konyeza. Akiumeza humziba tumbo akafa. Kwa ajili ya madhara ya mifuko hii Serikali ya Kenya iliipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019. Lakini chupa na sahani na maputo bado yafika ufuoni. Huko Lamu mafundi walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, likaitwa Flipflopi, likafunikwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, na katika mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja ili watu waone. Kila ndara katika zile ilikuwa ya mguu wa mtu mmoja, na huenda kila mmoja alisema kuwa moja haidhuru. Na ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani, basi kuutia udhia baharini ni tawi la nini?

KHATIMA

Jumla ya maneno ni kuwa mapenzi ya mume na mke ni ishara ya Mwenyezi Mungu, na ardhi na bahari ni amana yake, na mwenye kuiheshimu ishara hawezi kuikhini amana. Bwana arusi na asimame mwenyewe mbele ya wazee wake, aseme kwa adabu kuwa ataka sinia na mitungi, si sahani za kutupwa na chupa. Na mzee anayejua sunna na amsaidie wala asimkatishe tamaa kwa kuogopa maneno ya watu. Mume aliyekwisha kuoa na arudi nyumbani usiku wa leo kabla ya mkewe kulala. Na anywe naye katika kikombe kimoja, amuulize khabari zake, asikilize mpaka mwisho. Kesho na achume asmini. Na Ijumaa na wapande mti.

Siku ile ambayo ardhi itatoa khabari zake, kama ilivyotajwa katika Sura ya Az-Zilzala, itasema yaliyotendwa juu yake. Kheri ya mtu ambaye ardhi itamshuhudia kuwa alimpenda mkewe juu ya mgongo wake, na hakuwahi kuiumiza kwa mapenzi yale.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba za Waislamu mapenzi na huruma, awaepushe na israfu na deni na fakhari, azitengeneze bara zao na bahari zao, na awakutanishe waume na wake zao katika mabustani yasiyonyauka. Amin.

Wabillahi taufiki.